Gitaa la Mgongo wa Mvure

Ukija kwangu Bugarama utaona nyuma ya nyumba mvure wenye dirisha. Sisemi mvule, ule mti wa mbao. Huku kwetu l na r hulala kitanda kimoja, asubuhi hatujui yupi ametangulia kuamka. Mvure ni mtumbwi wa nchi kavu, gogo lililochongwa tumbo, tunamokamulia ndizi za pombe. Huu wangu aliuchonga baba mkwe wangu. Jina lake silitaji, wala la mwanawe aliyenioa, ingawa wote wawili wamelala chini ya migomba miaka mingi na masikio yao yamejaa udongo. Mke wa kwetu hatamki jina la mumewe wala la baba mkwe. Ukiyataka majina hayo, nenda kwa jirani.

Mvure huo ulikuwa na sifa zake. Siku moja ya kukamua, kuku alipita upande unakokwenda upepo, akataga yai lililolewa. Yai likabingirika lenyewe mpaka Bukiriro, likaingia nyumba ya watu likadai chakula. Anayebisha akaulize Bukiriro. Sasa mvure haukamui kitu, maana sakafuni una tundu la mraba ambalo mtoto anaweza kupitisha kichwa. Aliyelikata ni Nzeyimana, na ruhusa nilimpa mwenyewe.

Alikuja mwaka ule Warundi walipovuka kwa wingi. Wengi walipelekwa makambini, wengine wakabaki vijijini, kwa kuwa Kihangaza chetu na Kirundi chao ni mtu na mdogo wake. Huyu aliingia uani kwangu na msumeno mgongoni, umefungwa kwa ukamba wa mgomba, na shati lililomkaukia mwilini limekunjamana kama jani la tumbaku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kukata nini?"

"Chochote kilichovunjika."

"Basi utakaa sana. Hapa kilicho kizima ni ulimi wangu tu."

Hakucheka. Hilo liliniudhi, kwani mtu asiyenicheka namwona kama deni. Nikampa kibanda cha mbuzi, maana mbuzi walikuwa wamekwisha, na mwanangu Thobias alikuwa amekwenda Geita kuchimba dhahabu ambayo mpaka leo sijaiona hata mng'ao. Mgeni akakisafisha kibanda, akaezeka upya, akatengeneza kigoda changu na mguu wa meza. Mlango wangu ulikuwa ukilia kila ukifunguliwa. Akaunyamazisha. Nikakaa na ule ukimya siku kadhaa, kisha nikamwomba aurudishe mlio, kwa sababu ndio uliokuwa ukinisemesha nikiingia.

Alikuwa fundi seremala, mwana wa Ndikumana, kutoka ng'ambo ya mto Ruvubu. Nilimwona ana tabia moja mezani. Nikimpa sinia la ugali na maharage alikula upande mmoja tu, akaacha upande wa pili bila kuugusa, safi kama haujapakuliwa.

"Huo upande ni wa nani?" nikamuuliza. "Kama ni wa shetani, hapa hali maharage, anapata tumbo."

"Wa Francisca," akasema. "Mke wangu."

Ndipo akanieleza. Huko kwao alifanya kazi misheni. Bruda mmoja wa kigeni alikuwa na gitaa dogo la nyuzi nne, la kukumbatia kama mtoto mchanga, likavunjika, Nzeyimana akalitengeneza. Bruda alimwambia jina lake ni ukulele. Mimi nilipolisikia neno hilo nilidhani anaita kuku, na jogoo wangu naye akaitika. Baadaye akajitengenezea la kwake, na jioni Francisca akawa anaimba naye anapiga. Siku ya kukimbia walifika ukingoni alfajiri, watu wamejaa wanagombea mitumbwi. Hapo akakumbuka kwamba gitaa limebaki ukutani, kwenye msumari.

"Nikamwambia, ningoje hapa."

"Ukarudi kuchukua gitaa."

"Nikarudi kuchukua gitaa."

"Si godoro. Si sufuria."

"Bibi, nilidhani tunakwenda kukaa wiki moja. Na wiki moja bila wimbo ni ndefu."

Aliporudi ukingoni, mitumbwi ilikuwa imeondoka, na milio ya bunduki ilikuwa imefika kwenye migomba ya mwisho. Akajitupa majini na gitaa lake. Katikati ya mto pumzi ikamwambia achague. Akaliachia. Upande huu wa mto alikuta nyayo za nchi nzima, ila za Francisca hakuzijua.

Alimtafuta. Makambini walimwitia kwenye kipaza sauti: Francisca, mke wa Nzeyimana. Lakini yeye mwenyewe alijua shida iko wapi. Watu wa kambi wakimuuliza mwanamke yule mumeo nani, hatasema. Atasema ni yule fundi, au yule mrefu. Kambi zilikuwa zimejaa wake wa Yule. Nami nilimwelewa vizuri. Mimi ni mke wa Yule tangu nilipovunja ungo.

Msimu mmoja ukapita, wa pili ukaingia, na upande wa sinia bado haukuguswa. Siku moja nikamwona anachonga mpini wa jembe langu lililovunjika. Haukuwa mpini tena, ulikuwa shingo ya gitaa. Akaanza kuokota. Kule walikobomoa ghala la misaada alipata ubao mweupe, mwepesi, wa sanduku la dawa. Akaukwangua kwa kipande cha chupa mpaka ukapitisha mwanga wa jua, akasema huo ndio uso. Mbavu alizitoa kwenye ubao wa kitanda cha marehemu fulani, akaziloweka, akazikunja taratibu juu ya bomba la pikipiki lililotiwa makaa ndani. Vigingi vya kukazia nyuzi alichonga kwa mti wa mpera. Spoki za baiskeli zikawa vizuizi vya shingoni vya kuwekea vidole. Gundi aliichemsha kwa vipande vya ngozi ya ng'ombe alivyopewa machinjioni, na nyumba yangu ikanuka hata panya wakahama, wakaniachia funguo.

Akifanya kazi aliimba. Ni wimbo mfupi, wa watu wa mtoni, kwa Kiswahili ni kama kusema: Imana, tuvushe, mto umejaa. Imana ni Mungu, kwao na kwetu. Ila yeye hakuimba Imana. Aliimba: Rurema, tuvushe, mto umejaa.

"Rurema ni Muumba," nikamwambia, "simkatai. Lakini wimbo huu una Imana tangu nikiwa na meno."

"Francisca huuimba hivyo. Mimi Nzeyimana, baba yangu Ndikumana. Ukilitaja jina la Imana umeshagusa majina yetu wote wawili. Basi yeye hata kanisani, watu wakisema Imana, husema Rurema."

"Na wewe je? Wewe si mke wa mtu."

Akapuliza vumbi la mbao. "Nikiimba hivyo, naisikia sauti yake."

Rozalia ndiye aliyeleta balaa, pamoja na dagaa. Alikuwa mchuuzi kutoka Biharamulo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia, na akija mnadani alilala kwangu. Jioni hiyo alikuwa amekaa ananyoosha miguu, Nzeyimana anachonga na kuimba.

"Kumbe na wewe unaimba hivyo?" akasema Rozalia.

"Hivyo vipi?"

"Rurema. Mimi nilidhani ni yule mwehu wa Nyabusozi, huko kwetu, peke yake."

Kisu kikasimama juu ya ubao. "Mwehu gani, mama?"

"Mrundi mwenzako. Analima vibarua kwenye mashamba ya mihogo, yeye na wenzake. Wakiimba huo wimbo wote wanasema Imana, yeye anatia Rurema, kama jiwe kwenye wali. Wanamsimanga wee, eti Imana alikukosea nini hata humtaji. Yeye kimya, analima tu."

"Yukoje?"

"Ana pengo hapa mbele. Na akisimama huegemea mguu wa kushoto, kama mtu anayengoja basi."

Nzeyimana akakaa chini, pale pale kwenye vumbi la mbao.

"Lori letu linarudi kesho," Rozalia akasema. "Panda, mtani. Magunia hayali watu."

Nilidhani atalala amevaa viatu. Badala yake akatazama mikono yake, akatazama ile shingo na zile mbavu zilizokuwa hazijashikana.

"Siwezi kwenda hivi," akasema. "Lazima nilimalize kwanza."

"Mwanamke hali gitaa," nikamwambia.

"Ataniuliza, ulichokifuata kiko wapi? Nimjibu nini, bibi? Kwamba nilimwacha ukingoni kwa ajili ya kitu ambacho sina?"

Nilikuwa na majibu ya kumcheka, yote mazuri. Nikayaacha, nikachochea moto.

"Basi nimpelekee salamu," akasema Rozalia.

"Usimwambie kitu, mama. Nitakwenda mwenyewe, na kitu chenyewe mkononi. Wewe niletee tu mshipi wa kuvulia kutoka ziwani. Mnene na mwembamba."

"Wanaume," Rozalia akasema, akageukia ukutani akalala.

Kilichobaki kilikuwa mgongo wa gitaa. Akaanza kugonga kila kitu changu kwa kidole na kutega sikio, kama daktari: mlango, kinu, kigoda, kitanda nikiwa juu yake. Alipofika kwenye mvure akagonga, akachuchumaa, asiinuke.

"Bibi, huu ni umuvugangoma."

Ndio mringaringa. Jina la kwetu maana yake ni mti unaoisemesha ngoma. Ngoma kubwa za kwao zinachongwa humo.

"Huo ni mvure wa baba mkwe wangu," nikamwambia. "Usiusemeshe."

Nikanuna. Lakini nilipokwenda kuutazama niliona ulivyokauka. Kukamua kunataka watu wawili, mmoja upande huu na mmoja upande ule, mkitaniana juu ya povu, na mwenzangu alikuwa chini ya migomba. Tangu azikwe, mvure ulikuwa ukikusanya majani na mijusi. Na huyu alikuwa na mwenzake, yuko hai, anaegemea mguu wa kushoto huko Nyabusozi. Kila siku ya kutafuta ubao ilikuwa siku ya kumcheleweshea.

"Kata," nikasema. "Kata upesi uende zako, nimechoka kupikia nusu sinia."

Akakata dirisha lile. Msumeno ulipopita, pombe ya miaka arobaini ilitoa harufu, na nyuki wakaja wakazunguka kichwa chake wakiuliza habari za zamani.

Gitaa likashikana, likabaki kungoja nyuzi. Ndipo masika yakaanguka. Mvua ya mwaka ule ilinyesha mpaka vyura wakabisha hodi waingie ndani wakauke. Barabara ya Biharamulo ikakatika, malori yakasimama, Rozalia hakuonekana. Gitaa lilining'inia juu ya jiko langu, kimya, na Nzeyimana chini yake, kimya. Mara kwa mara alinyoosha mkono akaligonga mgongoni, tok, akatega sikio, akarudisha mkono. Nilimwambia nenda kwa miguu. Akasema mshipi utakuja. Nikamwambia nenda na uzi wa katani. Akasema uzi wa katani hauimbi, unakohoa.

Rozalia alikuja mihogo ilipokuwa imeshavunwa na mashamba yanatayarishwa upya. Nyuzi zikafungwa jioni ile ile. Sauti ilikuwa ndogo, safi, kama maji kwenye kibuyu. Ila lilikuwa gitaa la mvure. Asubuhi liliimba vizuri, baada ya saa sita mchana nyuzi zinalegea, linaanza kutukana watu. Nzi waliingia tunduni mmoja mmoja wakatoka wamekumbatiana.

Safari ile nilipanda na mimi. Nilitaka kumwona huyo mwanamke aliyestahili mgongo wa mvure wangu. Tulikaa juu ya magunia matupu ya dagaa, Rozalia anasimulia, mimi nazidisha, Nzeyimana amelifunika gitaa kwa koti lake, yeye mwenyewe akipigwa na upepo.

Nyabusozi tulishuka kando ya shamba. Wanawake walikuwa wamejipanga mstari, wanalima, na wimbo ulikuwa umeshaanza. Tukasimama nyuma ya migomba. Nzeyimana akainua mkono tusiseme.

Imana, tuvushe, mto umejaa.

Wakarudia. Nikatega sikio langu zuri. Imana. Sauti zote zilipita neno lile pamoja, kama miguu inayopita daraja.

"Hayupo," Nzeyimana akasema. "Tumekosea mahali."

Rozalia akanyoosha kidevu. "Yule pale, wa kitenge cha njano. Si ndiye?"

Yule wa kitenge cha njano alikuwa amenyoosha mgongo, ameegemea mguu wa kushoto, mdomo wazi kwenye wimbo. Hata mimi nililiona pengo.

"Siye," Nzeyimana akasema. "Huyu amesema Imana."

Lakini mkono wake ulikuwa umeshaligusa gitaa, na uzi mmoja ukalia. Yule mwanamke akageuka. Jembe likabaki limesimama kwenye udongo. Akaja polepole, akapita matuta bila kuyatazama, akasimama mbele yake karibu sana, kama mtu anayekagua kama kitu kinatoa kivuli.

"Nzeyimana," akasema.

Nimeishi na mume zaidi ya miaka arobaini, nimemzika, na jina lake halijawahi kupita kwenye meno yangu. Nilipolisikia jina la huyu linatoka kwenye kinywa cha mkewe, waziwazi, mchana, nilijishika mdomo wangu mwenyewe. Nikamwona Nzeyimana naye amelipokea.

"Uko nyumba ya nani?" akamuuliza.

Francisca hakujibu kwa jina. Alielekeza kwa kidevu, kule kwenye nyumba ya bati pembeni ya mihogo. "Ya yule," akasema. "Yule pale."

Upepo ukapita. Rozalia, aliyekuwa na maneno ya kuuza hata siku ya mazishi, alitazama vidole vya miguu yake.

"Gitaa lako liliokotwa mtoni," Francisca akasema. "Walilileta limejaa maji. Tulilia juu yake, nikanyoa nywele. Nilikaa na Rurema misimu yote miwili. Nilimwambia yule angoje mvua ziishe. Zilipoisha, nikawa sina la kumwambia." Akatazama lile lililokuwa mkononi mwa Nzeyimana. "Hili ni jingine."

"Jingine."

Francisca akaligonga mgongoni kwa kidole, tok, akainama akanusa. "Linanuka pombe."

"Ni mvure wangu, mwanangu," nikasema. Akanigeukia, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Nzeyimana akamnyooshea gitaa. Francisca akaushika mkono wake, gitaa hakulipokea.

"Nikiingia nalo nyumbani wataniuliza ni la nani," akasema. "Nami sasa naweza kuwajibu. Nitalitaja jina lako mara ngapi kwa siku?"

Kisha akarudi kwenye mstari, akang'oa jembe lake. Hawakuimba tena mpaka tulipoondoka.

Nzeyimana alirudi nami Bugarama. Sikumwambia lolote njiani, na hiyo waulize walionizaa kama ilipata kutokea. Aliingia kibandani mwa mbuzi, akaendelea kutengeneza vilivyovunjika. Mezani alikula sinia lote, upande huu na ule, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa nimeupenda ule upande uliobaki.

Jioni alipiga gitaa. Wimbo ulikuwa ule ule, ila akifika penye jina alifunga mdomo. Hakusema Imana, hakusema Rurema. Vidole vilipita juu ya nyuzi, mdomo umefungwa, kisha akaendelea: tuvushe, mto umejaa. Shimo lile lilinishinda. Ni kama dirisha la mvure wangu, kila ukitazama unaona ardhi. Basi nikaanza kulijaza. Jioni ya kwanza nikaimba: Beberu, tuvushe. Akanitazama, akaendelea. Jioni nyingine nikatia Rozalia, tuvushe na gunia lako. Nikatia jogoo, nikatia panya waliohama, nikatia vitu ambavyo padri akisikia atanirudisha katekisimu. Siku niliyosema, Mvure wa Bibi, tuvushe, maana una umbo la mtumbwi ingawa una tundu, alicheka. Alicheka mpaka akaliweka gitaa chini na kuufunika uso kwa viganja, na mabega yakaendelea kutikisika baada ya kicheko kwisha. Nikaenda kukoroga maharage ambayo sikuwa nimeyainjika.

Halafu ukaja mwaka ilipoamriwa wakimbizi wote waliokuwa vijijini wapelekwe kambini. Lori lilisimama barabarani, askari akiita watu watoke. Nzeyimana alitoka na msumeno wake mgongoni, umefungwa kwa ukamba wa mgomba kama siku ile alipokuja. Gitaa aliniwekea mapajani.

"Nalo?" nikamuuliza.

"Mgongo ni wako, bibi."

Baadaye nilisikia kambi ile imefungwa na watu wamerudishwa kwao. Kama alivuka, sikuambiwa, na Rozalia ameacha biashara ya dagaa.

Sijui kupiga. Siku za unyevu gitaa linanuka ndizi mbivu, nalishusha ukutani, nakaa kwenye mlango ambao bado unalia, navuta uzi mmoja tu, ule mnene, na kuimba. Penye shimo nimejaribu kila neno, hakuna linaloenea isipokuwa moja. Mimi si mke wake, sikatazwi.

Nzeyimana, tuvushe, mto umejaa.